Kijiji Kisicho na Mtani

Nilipokabidhi funguo za kabati la vitabu mwezi uliopita, walimu vijana wa idara ya lugha waliniomba niwaandikie kidogo namna ya kufundisha tanzia. Nadhani walitaka maazimio ya kazi. Maazimio yapo kabatini, rafu ya chini, na panya wameyapitia kabla yenu. Ninayoandika hapa ni yale ambayo panya hawakuyafikia, na mtanivumilia nikianzia mbali, maana mzee akishastaafu hakuna wa kumgongea kengele.

Nimefundisha fasihi ya Kiingereza tangu nikiwa na nywele nyeusi, kwanza Maneromango huko Kisarawe, kisha hapa Kibaha. Katika miaka yote hiyo mada iliyonipa jina ilikuwa moja: tanzia za Magharibi, ile michezo ambayo mtu mkubwa, mwenye sifa zake nzuri, anaponzwa na kasoro moja, anaanguka, na anaanza kuona vizuri wakati hakuna tena cha kuokoa. Wanafunzi walinipachika jina la Mwalimu Msiba. Nilijifanya kuchukia, lakini nililipenda.

Maneromango nilifika katikati ya masika. Lori lililonibeba lilishindwa na tope kabla ya kufika kijijini, nikashuka na kutembea, godoro kichwani, sanduku mkononi, suruali imekunjwa hadi magotini. Njiani nilikutana na mama mmoja mwenye miwani na mwavuli. Alisimama akanitazama kuanzia miguuni mpaka kwenye godoro.

"Mnyamwezi weye?"

"Ndiyo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Nimejua kwa huo mzigo. Babu zako walileta mizigo pwani, naona na weye hujaacha kazi ya ukoo."

Nilinuna njia nzima. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada yangu mpya, halafu mtu asiyenijua ananiita mpagazi. Mimi ni mtoto wa Sikonge, lakini nililelewa na shule za bweni kuliko nilivyolelewa na bibi yangu, na mambo ya utani niliyasikia juu juu tu. Kwa ninyi mliokulia mjini, niwaambie: Wazaramo na Wanyamwezi ni watani. Mtani ana ruhusa ya kukutukana mbele za watu, kukuita mtumwa wake, kukalia kiti chako, hata kucheka kwenye msiba wako, nawe huruhusiwi kukasirika. Kumbe siku ile nilikuwa nimekaribishwa kwa heshima zote, na mimi nimevimba mdomo.

Mama yule alikuwa Mwalimu Mwanaidi, mwalimu wa Kiswahili. Ndiye aliyenifundisha kazi, ingawa hakuna barua iliyompa jukumu hilo wala aliyemshukuru. Jambo la kwanza alilonifundisha ni kukata chaki vipande vitatu na kutembea na kimoja tu mfukoni, kwa sababu mwalimu mwenye chaki nyingi huandika mno na huongea kidogo. La pili lilihusu vitabu.

Vitabu havikuwepo. Nilikuwa na nakala moja ya mchezo uliotakiwa kusomwa, na darasa la wanafunzi ishirini na wanane. Mwalimu Mwanaidi alikichukua kitabu changu, akakipasua mgongo kwa wembe bila kunitazama usoni, akagawa kurasa, mbili kwa kila mwanafunzi. Wiki nzima kurasa zilizunguka bwenini. Taabu ilikuwa kwamba hazikuzunguka kwa mpangilio. Kuna waliosoma mwisho kabla ya mwanzo, na hao walitembea shuleni na nyuso za huruma, wakimtazama yule aliyekuwa bado na ukurasa wa kumi kana kwamba mgonjwa ni yeye. Wengine waliuza siri ya mwisho kwa muhogo wa kuchoma. Mpaka leo sijapata njia bora ya kueleza tanzia ni nini. Wagiriki waliokaa kutazama michezo yao ya kale nao walikuwa wanaujua mwisho tangu nyumbani, wakaja hivyo hivyo.

Swali nililoulizwa zaidi maishani mwangu ni moja, na liliulizwa na kila darasa. Nikishamaliza kueleza jinsi mfalme alivyoapa kwa hasira, jinsi alivyokataa ushauri, jinsi anavyokwenda kuangamia, mkono unanyooka nyuma.

"Mwalimu, huyu mfalme hana mjomba?"

"Mjomba wa nini?"

"Wa kumwita pembeni."

Nilijibu kama nilivyofundishwa: ukubwa wa shujaa wa tanzia uko katika upweke wake, anakutana na majaaliwa yake peke yake. Wanafunzi waliandika kwenye madaftari. Niliona kwenye nyuso zao kwamba wanamsikitikia mfalme, lakini zaidi wanausikitikia ukoo wake.

Mwaka wa pili niliamua kutunga tanzia yangu mwenyewe, nikaiga umbo la Kimagharibi na kuliweka katika kijiji cha uongo. Jumbe wa kijiji anaapa wakati wa njaa kwamba atakayefungua ghala la mbegu atafukuzwa asirudi. Aliyelifungua ni mama yake mzazi, ili kulisha watoto wa jirani. Jumbe hawezi kurudisha neno lake. Mama anaondoka na kufia njiani, na Jumbe anabaki na ghala lililojaa. Nilijisifu sana kwa hilo ghala. Mwalimu Mwanaidi aliusoma mswada, akasema Kiswahili chake ni safi, akanyamaza. Ningejua kumsoma wakati ule, ningeogopa.

Siku ya maonyesho kijiji kizima kilikuja, wamekaa kwenye majani ya uwanja wa shule. Mambo yalikwenda vizuri kupita kiasi. Akina mama walifuta macho kwa khanga. Jumbe, kijana wa Kizaramo mwenye sauti nzito, alisimama kutoa hukumu, akanyoosha mkono kumwonyesha mama yake njia. Hapo akainuka mpishi wa shule, Mzee Maganga, Mnyamwezi mwenzangu aliyekuwa amefika Maneromango miaka mingi kabla yangu. Alikuwa na mwiko mkononi. Akapanda jukwaani taratibu, akakalia kigoda cha Jumbe.

"Mzaramo," akasema, "nani kakuruhusu kuapa na mimi nipo jikoni?"

Jumbe alikwama. Mzee Maganga akaendelea, akamwambia Jumbe kuwa ni mtumwa wake Maganga, kwamba mtumwa hana kiapo, na kwamba kiapo hicho amekitia kwenye sufuria ya maharage, kitaliwa kesho mchana. Watu walianguka kwa kucheka. Jumbe wangu naye akacheka, na jumbe akishacheka hawezi tena kumfukuza mama yake. Mama akarudi, ngoma ikapigwa, na onyesho likaishia hapo kurasa sita kabla ya mwisho wangu.

Nilikaa nyuma ya pazia nikiwa nimeshika kichwa. Mwalimu Mwanaidi alikuja na kikombe cha chai.

"Ameniharibia tanzia," nikasema.

"Hajaharibu. Weye umeandika kijiji kisicho na mtani. Kijiji gani hicho?"

"Ni sanaa, mwalimu. Lazima Jumbe awe peke yake."

"Basi ungemweka kwenu chuo kikuu," akasema, akaniachia chai.

Nilimnunia Mzee Maganga wiki nzima. Yeye wiki hiyo hiyo alinipakulia ukoko wa wali kila siku, akisema ndicho chakula cha watu wenye huzuni.

Niliishi Maneromango miaka kumi na moja, nikaoa, nikahamishiwa Kibaha. Tulijenga mtaa wa Sofu, nyumba ambayo bado inadai plasta upande wa jikoni. Kutoka nyumbani mpaka shuleni Tangini nilitembea kwa miguu asubuhi, na huko ndiko nilikoandalia vipindi vyangu vizuri, nikijisemesha njiani mpaka wenye maduka wakawa wananisalimia kwa sauti ya kumwamsha mtu. Wanafunzi wa Kibaha walikuwa aina nyingine. Wengi walikuwa watoto wa watumishi waliotoka mikoani, wazazi wao wanawahi kazini Dar kabla jua halijatoka. Vitabu vilikuwepo, baadaye hata simu zikawepo, na mwisho wa kila mchezo ulijulikana kabla sijamaliza kuandika kichwa cha somo. Lakini mkono wa nyuma uliendelea kunyooka. "Mwalimu, huyu hana hata shangazi?"

Nami niliendelea kujibu vile vile. Na niwe mkweli, nilikuwa nimekuwa hodari. Niliweza kuwafanya vijana arobaini wanyamaze kabisa. Nilikuwa na daftari jeusi ambamo niliandika mifano ya tanzia kutoka maisha ya kawaida: mtu aliyekataa kuomba radhi, ndugu walioachana kwa sababu ya mpaka wa shamba, na kadhalika. Nashauri kila mwalimu wa fasihi awe na daftari kama hilo, kisha asome yafuatayo kabla hajalinunua.

Mwaka jana, kabla sijastaafu, nilikuwa na mwanafunzi wa kidato cha sita aitwaye Hidaya. Alikuwa mtoto wa Mzee Kondo, mkulima wa mihogo upande wa Mlandizi, Mzaramo wa huko huko tangu enzi za babu zake. Mwanafunzi kama Hidaya unampata mara moja au mbili ukibahatika. Alikuwa akisoma mchezo kwa kidole, polepole, halafu anauliza swali ambalo linakulazimu ukae chini.

Ulifanyika mkutano wa wazazi. Mzee Kondo alisimama kuzungumzia maji ya bwenini na akazungumza kirefu, kama wazee wanavyozungumza, akianzia kwa marehemu baba yake. Mkuu wetu wa shule, mama mwema lakini mwenye saa mkononi, alimkatiza.

"Mzee, muda wako umekwisha. Naomba ukae."

Kijana mmoja akacheka. Hidaya alikuwa mlangoni na wanafunzi wenzake, akaona. Mzee Kondo hakukaa. Alivaa kofia yake vizuri, akaenda mpaka mlangoni, akatema mate chini.

"Mwanangu hasomi tena hapa," akasema. "Na mate niliyotema mimi siyalambi."

Akamshika Hidaya mkono wakaondoka. Mtihani wa mwisho ulikuwa umebakiza wiki sita.

Mkuu wa shule alijuta jioni ile ile, na alituma barua ya kuomba radhi. Barua ilirudi haijafunguliwa. Wakaenda watu wa ofisi wakamweleza sheria kuhusu mzazi anayemwachisha mtoto masomo. Mzee akajibu kwamba jela anaijua njia yake, atakwenda kwa miguu. Kadiri walivyombana ndivyo neno lake lilivyozidi kukauka. Hidaya alinitumia ujumbe kwa simu ya mama yake, akiomba notisi za mada zilizobaki, akasema anasoma shambani baada ya kupalilia. Mwishoni aliongeza: "Mwalimu, baba hali chakula vizuri. Anakaa tu barazani."

Nilimtumia notisi. Kisha nikafungua daftari jeusi nikaandika: kiburi, neno lisilorudi, upweke wa shujaa. Wiki iliyofuata nilikitumia kisa chenyewe darasani, bila kutaja jina, huku dawati la Hidaya likiwa tupu safu ya pili. Wanafunzi walielewa mara moja. Wengine walitokwa machozi. Kilikuwa kipindi kizuri sana, na naona aibu kukiandika.

Nilifurahi kiasi cha kumpigia simu Mwalimu Mwanaidi, ambaye alikuwa amestaafu zamani na anaishi Kisarawe mjini. Nilimsimulia kwa mbwembwe, nikamwambia kwamba hatimaye nimepata tanzia kamili, imekuja yenyewe, ina kila kitu. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kashindye," akasema, "weye kabila gani?"

"Mnyamwezi, mwalimu. Unajua."

"Na huyo baba?"

"Mzaramo."

"Sasa mie unanipigia simu ya nini?"

Nilimweleza kwamba mambo yamebadilika, kwamba mimi sasa ni mtu mzima, mkuu wa idara, mzee wa kanisa, siwezi kwenda kujigaragaza uani kwa watu.

"Basi mko wawili mnaolinda heshima," akasema, "na mtoto yuko shambani." Akakata simu.

Jumamosi asubuhi nilivaa suti yangu ya harusi za watu, nikafunga tai. Nilipitia shuleni nikachukua vitabu vya Hidaya kutoka dawatini, nikavitia kwenye kiroba. Kutoka Mlandizi nilipanda bodaboda, na nilipokaribia kwa Mzee Kondo nikateremka, nikajitwika kiroba kichwani. Utani ukikosewa ni matusi tu, na huyu alikuwa mtu ambaye ameshawafukuza watu wenye mihuri. Kama angenitimua na mimi, Hidaya alikuwa hana mwingine wa kumwendea.

Alikuwa barazani na mdogo wake na jirani mmoja, mbele yao sahani ya mihogo ya kuchemsha. Sikupiga hodi. Niliingia uani, nikakaa kwenye mkeka, nikachukua muhogo kwenye sahani yake nikauma.

"Nyumba hii kafa nani, mbona kimya?" nikasema.

Mzee Kondo alinitazama. Alikuwa amekonda kuliko nilivyomwona mkutanoni.

"Nani wewe?"

"Mwalimu wa Hidaya. Lakini ualimu nimemwachia bodaboda anishikie. Hapa ni Kashindye, Mnyamwezi wa Sikonge."

Jirani akaguna, akasogea apate kuona vizuri. Mzee Kondo akaivuta sahani upande wake.

"Umefuata nini kwangu, mpagazi?"

Nilitamani kumkumbatia. Aliponiita mpagazi nilijua mlango umefunguliwa kidogo.

"Nimefuata mate yangu," nikasema.

"Mate gani?"

"Uliyotema shuleni. Wewe mtumwa wangu unatema mate na kuapa bila kuniuliza, nani kakuruhusu? Halafu unasema hulambi. Ni kweli, mtu mzima halambi mate yake. Ya kwako nalamba mimi, ndiyo kazi yangu. Nimekuja nilambe niende zangu, nina safari."

Nikapiga magoti pale uani na suti yangu, tai ikaburura mchangani, nikainamisha uso na kutoa ulimi. Kisha nikamsikia mdogo wake akisema kwa upole:

"Mnyamwezi, mate aliyatemea Kibaha. Hapo unalamba mavi ya kuku."

Jirani ndiye aliyeanza. Halafu nikasikia kitu kama kikohozi, nikainua uso, na Mzee Kondo alikuwa anacheka, ameshika nguzo ya baraza, machozi yanamtoka. Alicheka mpaka mkewe akatoka jikoni kuona kuna nini. Alipopata pumzi aliita.

"Hidaya. Njoo umwone mtumwa wangu. Huyu ndiye anayekufundisha?"

"Ndiyo, baba," Hidaya akasema. Alikuwa na jembe mkononi na hakujua acheke au asicheke.

"Hajui mate na mavi ya kuku. Chukua kiroba chako, Jumatatu urudi ukamfundishe."

Mimi nikadai kuku wangu, maana mtani haondoki mikono mitupu, na nikatukanwa tena kwa uchoyo wa ukoo wetu. Hidaya alirudi Jumatatu, akafanya mtihani wake, na sasa yuko chuoni anasomea sheria. Suti ilipelekwa kwa dobi mara mbili na bado ina doa gotini.

Hapo ningeweza kuweka nukta, na mngecheka mkaenda kufundisha. Lakini Mzee Kondo alinisindikiza. Alibeba kuku yeye mwenyewe, na tulitembea mpaka karibu na barabara. Pale alisimama.

"Mwalimu," akasema, na ilikuwa mara ya kwanza kuniita hivyo, "leo siku ya ngapi tangu mkutano?"

"Ya kumi na tisa."

"Siku kumi na tisa nakaa pale barazani naangalia hii njia. Nilijua nimekosea kabla sijafika nyumbani. Nikasema, atakuja mtu. Wakaja wenye barua, wakaja wenye sheria. Mtu wa kunirudisha hakuja." Alimhamishia kuku mkono mwingine. "Wewe ulikuwa unajua kwamba mimi ni mtani wako?"

"Nilikuwa najua."

"Sasa siku zote hizo ulikuwa unafanya nini?"

Nilimwambia ukweli, kwamba nilikuwa nikiwafundisha watoto habari zake, na kwamba somo lilieleweka.

Hakucheka. Alifunga miguu ya kuku vizuri kwa kamba ya mnazi, akanikabidhi kwa mikono miwili.

"Safari nyingine," akasema, "uje siku ya kwanza."